Watu wanaipenda maktaba, lakini siku ya bajeti hawaonekani

Swali la msomaji: Ninasimamia maktaba ya umma ya mji mdogo. Kila mwaka tunafanya siku ya wazi na watu hujaa, watoto hughani mashairi, viongozi huja kupiga picha na kutusifu. Hata hivyo, fungu la kununulia vitabu limepunguzwa miaka miwili mfululizo, na mara zote mbili hakuna raia hata mmoja aliyesimama kutusemea. Tufanye nini ili wananchi waitetee maktaba yao? Na mimi, nikiwa mtumishi niliyeajiriwa, mipaka yangu ni ipi?

Jibu: Watu waliojaa siku ya wazi hawakuwatupa mkono. Waliitwa kuja kutazama, wakaja, wakatazama, wakarudi makwao wakiamini kwamba maktaba iko salama, kwa kuwa kila walichokiona siku ile kilionyesha hivyo. Hakuna aliyewaambia kuwa fungu la vitabu liko hatarini, linaamuliwa na nani, katika kikao cha mwezi gani, wala wao wanaombwa waseme nini. Siku ya wazi ni kazi ya kuitangaza maktaba, nayo ni kazi njema. Kuitetea ni kazi nyingine, yenye watu wake, kalenda yake na lugha yake, na maktaba nyingi huifanya ile ya kwanza kwa juhudi kubwa zikitumaini kwamba ya pili itajileta yenyewe. Ushauri wangu wote unatokana na jambo hilo moja: upendo wa watu kwa maktaba haugeuki kuwa bajeti mpaka mtu fulani aombwe jambo fulani, kwa jina lake, kabla uamuzi haujafanyika.

Kwanza inafaa kujua ni nani wa kuombwa, maana hapa ndipo wengi hupotea njia. Mkutubi anapotafuta watetezi huwageukia wasomaji wake wa kila siku, kwa sababu ndio anaowafahamu. Mwaka 2008 shirika la OCLC, linalounganisha orodha za vitabu za maktaba za nchi nyingi, lilichapisha utafiti uliofadhiliwa na Bill & Melinda Gates Foundation kuhusu wapiga kura wa Marekani na utayari wao wa kulipa kodi kwa ajili ya maktaba za umma. Matokeo yake yanapaswa kusomwa na kila msimamizi wa maktaba: kuitumia maktaba mara kwa mara kulikuwa na uhusiano mdogo tu na utayari wa kuigharamia. Waliokuwa tayari zaidi ni wale walioamini kwamba maktaba hubadilisha maisha ya watu, wawe wao wenyewe wanafika huko mara nyingi au mara chache. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba sura ya mkutubi mwenyewe ina uzito mkubwa: watu walipomwona kuwa ni mwenye ari, anayeijua kazi yake na anayejihusisha na mambo ya jamii, walikuwa radhi zaidi kuiunga mkono maktaba yake.

Ni kweli kwamba katika nchi nyingi raia hawapigi kura juu ya kodi ya maktaba, na kwa hiyo matokeo ya Marekani hayawezi kuhamishwa yalivyo. Hata hivyo msingi wake unaonekana hata pasipo na kura ya kodi. Novemba 2014, mji wa Ferguson katika jimbo la Missouri, Marekani, ulipokumbwa na machafuko na shule zikafungwa, maktaba ndogo ya mji huo ilibaki wazi, na walimu wakawafundishia watoto humo. Habari zilipoenea, michango iliyozidi dola 300,000 ilimiminika, na wengi wa waliotoa walikuwa watu wa mbali ambao wasingeazima kitabu hata kimoja katika maktaba ile. Kilichowafikia ni habari ya mkutubi aliyeacha mlango wazi watoto walipokosa pa kwenda, na hiyo ilitosha.

Kwa hiyo, unapoandika orodha ya watetezi, usianzie kwenye daftari la wanachama. Andika majina ya watu ambao neno lao husikilizwa mjini na ambao wana sababu yao wenyewe ya kutaka mji uwe na wasomaji: mwalimu mkuu mstaafu aliyefundisha nusu ya madiwani, mkunga anayetaka akina mama waweze kusoma maelekezo ya dawa, mwenye karakana anayelalamika kuwa vijana anaowaajiri hawawezi kuandika barua, kiongozi wa dini, wakili, mhariri wa redio ya mji. Nasisitiza majina, kwa sababu orodha inayosema "wazazi" au "wafanyabiashara" haimwambii mtu yeyote achukue simu na kumpigia nani. Majina kumi na mawili yaliyochaguliwa vizuri yana nguvu kuliko umati wa siku ya wazi, mradi kila mmoja atembelewe peke yake na aulizwe kwanza ni jambo gani linalomhangaisha kuhusu mji huu. Msikilize mpaka mwisho. Jibu lake ndilo litakalokuonyesha ni upande upi wa maktaba utakaomgusa, na si lazima uwe ule unaoupenda wewe.

Sasa tuje kwenye kalenda, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nusu ya kazi yote. Katika mamlaka nyingi za miji, bajeti haizaliwi siku inaposomwa. Miezi kadhaa kabla, idara ya fedha hutoa ukomo wa matumizi. Kila idara huandaa makisio yake ndani ya ukomo huo. Makisio hupitiwa na wataalamu, yakaenda kwenye kamati ya fedha, na mwisho yakafika kwenye baraza zima. Mpaka raia anapoalikwa kutoa maoni, tarakimu nyingi zimekwisha kukaa mahali pake, na kumwongezea mmoja maana yake ni kumnyang'anya mwingine mbele ya hadhara, jambo ambalo wanasiasa hulikwepa. Mtetezi anayefika siku hiyo, hata akiwa na hoja nzito, amefika wakati wa kuaga. Pata ratiba ya bajeti ya mamlaka yako, weka alama kwenye siku ambayo ukomo hutolewa, kisha rudi nyuma miezi mitatu au minne. Huo ndio wakati wa watetezi wako kuonana na wajumbe wa kamati ya fedha, mmoja mmoja, kwa utulivu, wakati bado hakuna anayewadai uamuzi. Usimsahau ofisa anayeandaa jedwali la kwanza la makisio. Hatajwi katika hotuba yoyote, lakini mara nyingi kifungu alichokiacha kama kilivyo hubaki kama kilivyo mpaka mwisho.

Ombi lenyewe liwe moja na liwe na tarakimu. "Tunaomba mwiunge mkono maktaba" ni sentensi ambayo kila mtu ataikubali na hakuna atakayefanya lolote baada ya kuikubali. Linganisha na hii: "Tunaomba fungu la vitabu lirudishwe katika kiwango cha mwaka juzi, na liandikwe katika kifungu chake lenyewe, lisichanganywe na matumizi mengineyo." Hapo diwani anajua atakachokipigania, na wewe utajua kama amekipata. Sehemu ya pili ya ombi hilo, ile ya kuandikwa katika kifungu chake, naiona kuwa muhimu kuliko kiasi chenyewe, kwa sababu fedha zisizo na kifungu chake ndizo za kwanza kuhamishwa mafuta ya magari yanapopanda bei.

Historia ya maktaba za umma inatoa ushahidi mzito juu ya jambo hili. Sheria ya Maktaba za Umma ya Uingereza ya mwaka 1850, iliyopiganiwa bungeni na William Ewart pamoja na Joseph Brotherton, na kwa msaada mkubwa wa mkutubi Edward Edwards, iliruhusu miji yenye watu zaidi ya 10,000 kutoza kodi kwa ajili ya maktaba, iwapo theluthi mbili ya walipa kodi waliopiga kura wangekubali. Kiasi kilichoruhusiwa kilikuwa nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya mali iliyotozwa, na fedha hizo hazikuruhusiwa kununua vitabu. Zilikuwa za jengo na uendeshaji, vitabu vilitarajiwa kutoka kwa wahisani. Mwaka 1855 sheria ilirekebishwa, kiwango kikawa peni moja na vitabu vikaruhusiwa. Lakini ukomo wa peni moja ulibaki mpaka 1919. Kwa zaidi ya miaka 60, maktaba ambazo wananchi walizikubali kwa kura zilifungwa kwenye kiasi kilichoandikwa na kizazi kilichopita. Waliotetea sheria ile walifanya kazi kubwa ambayo dunia bado inafaidika nayo, ila walilazimika kukubali masharti yaliyozibana maktaba kwa muda mrefu. Ndiyo maana ninashauri kwamba unapoomba kiwango, uombe pia kipitiwe kila mwaka kulingana na bei za vitabu na idadi ya wakazi.

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, aliuona udhaifu huo kutoka upande wa mhisani. Kuanzia maktaba ya Dunfermline, mji wake wa kuzaliwa huko Scotland, iliyofunguliwa mwaka 1883, fedha zake zilijenga zaidi ya maktaba 2,500 katika nchi zinazozungumza Kiingereza. Sharti lake la kawaida lilikuwa kwamba mji utoe kiwanja na uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya kiasi alichotoa kwa ajili ya uendeshaji. Mtu aweza kuwa na maoni tofauti kuhusu Carnegie na namna alivyoupata utajiri wake, lakini sharti hilo lilikuwa na busara: lililazimisha baraza la mji lijifunge hadharani kabla tofali la kwanza halijawekwa. Jengo hupata marafiki kwa urahisi, kwa sababu lina siku ya kuzinduliwa na jiwe la kuandikwa majina. Mshahara wa mkutubi, umeme, vitabu vipya na ukarabati wa paa havina sherehe, na humo ndimo maktaba hufia. Kama kuna mtu anayetaka kuwajengea chumba cha ziada, mshukuru, kisha muulize mbele ya viongozi ni nani atakayekiendesha na kwa kifungu kipi.

Kuhusu mipaka yako wewe kama mtumishi, anza kwa kuzisoma kanuni za utumishi zinazokuhusu, kwa sababu hutofautiana, na ukiwa na shaka muulize mwanasheria wa mamlaka yako kwa maandishi. Kwa jumla, hata hivyo, kuna mstari unaotambuliwa karibu kila mahali. Kutoa taarifa sahihi juu ya maktaba ni sehemu ya kazi yako: kiasi cha fedha kilichotengwa mwaka huu na mwaka jana, vitabu vilivyonunuliwa, huduma zilizosimama kwa sababu ya upungufu, tarehe za vikao vilivyo wazi kwa umma. Kumwambia mwananchi ampigie nani kura, kumfanyia kampeni mgombea, au kutumia saa za kazi, karatasi na simu ya ofisi kuendesha shinikizo dhidi ya mwajiri wako, hayo yako nje ya mstari. Ukikaa upande wa taarifa, ukazitoa kwa kila anayeuliza bila kubagua chama wala mtazamo, utakuwa umefanya sehemu kubwa ya kazi ya utetezi bila kumpa mtu yeyote sababu ya kukuadhibu.

Sehemu iliyobaki ifanywe na watu ambao hawalipwi na mamlaka. Katika nchi nyingi kundi hilo huitwa Marafiki wa Maktaba, na ningependa uwe na kundi la namna hiyo kabla ya msimu ujao wa bajeti. Liwe na katiba yake fupi, mwenyekiti wake, akaunti yake ya benki na uhuru wa kusema hata usiyoweza kuyasema wewe. Neno la mkutubi anayeomba fedha kwa ajili ya maktaba husikika kama la mtu anayetetea ajira yake, hata kama si hivyo. Neno la mkunga au mwenye karakana halina doa hilo. Pana tahadhari mbili. Makundi mengi ya marafiki huishia kuuza vitabu vilivyotumika na kununua viti, kazi njema lakini isiyomgusa mwamuzi hata mmoja. Andikeni kwenye katiba, tangu siku ya kwanza, kwamba lengo kuu ni kuisemea maktaba mbele ya wanaopanga bajeti. Tahadhari ya pili ni nzito zaidi. Michango ya marafiki ikiwa mingi, kuna siku mtu katika kamati ya fedha atasema kwamba maktaba inajimudu, na atapunguza kile kilichokuwa kinatolewa. Michango ilipie vya ziada tu, na ielezwe hivyo kwa maandishi. Nchini Uingereza, tangu upunguzaji mkubwa wa bajeti za serikali za mitaa ulioanza baada ya mwaka 2010, mamia ya maktaba yamekabidhiwa vikundi vya kujitolea baada ya wakazi kusema kuwa wako tayari kufanya lolote ili zisifungwe. Baadhi yanaendeshwa vizuri sana na nawaheshimu wanaoyaendesha, lakini nisingemshauri mtu yeyote aanze mazungumzo kwa kutoa ahadi hiyo, kwa sababu ukishaitoa hakuna atakayejadiliana nawe juu ya mshahara wa mkutubi mwenye taaluma.

Tarakimu na visa viende pamoja. Idadi ya watu walioingia mlangoni ni tarakimu dhaifu peke yake, kwa kuwa haisemi waliingia kufanya nini. Mjumbe wa kamati anaweza kuisikia na kudhani kuwa ni watoto wanaokimbia jua. Hesabu mambo yanayoonyesha hitaji lisilotimizwa: vitabu vilivyoulizwa na havikuwepo, wanafunzi waliokosa kiti wakati wa mitihani, siku ambazo kompyuta moja iligombewa na watu wanane wanaotaka kujaza fomu za kazi. Hesabu pia gharama ya maktaba kwa kila mkazi kwa mwaka, yaani matumizi yote ya maktaba yakigawanywa kwa idadi ya wakazi. Mara nyingi matokeo ni madogo kiasi cha kumshangaza aliyedhani kuwa maktaba ni mzigo. Kuna fomula zinazotumiwa kukadiria kwamba kila fedha inayotolewa kwa maktaba hurudi mara kadhaa kwa jamii. Zitumie ikiwa tu unaweza kueleza, ukiulizwa na mhasibu mkali, kila hatua ya hesabu hiyo. Tarakimu moja iliyovimbishwa ikigunduliwa, zile nyingine kumi za kweli hazitaaminika tena.

Kisa kiwe cha mtu mmoja, kifupi, kielezwe na mwenyewe inapowezekana. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima, aliyepata cheti kwa vitabu vya maktaba, aliyetafuta kazi kwa kompyuta ya maktaba, akisema dakika mbili mbele ya kamati, atakumbukwa baada ya majedwali yote kusahauliwa. Lakini hapa nina neno la kusisitiza. Alichosoma mtu katika maktaba ni siri yake, na uaminifu huo ndio uliomleta kwako. Usitumie kamwe rekodi za uazimaji kutafuta visa, usimtaje mtu bila idhini yake ya maandishi, na usimpeleke mbele ya hadhara mtoto au mtu aliye katika shida kwa sababu tu habari yake inaliza. Heri kisa kimoja chenye kibali kuliko vitano vilivyochukuliwa bila idhini ya wenyewe.

Utakutana na hoja mbili kila mara. Ya kwanza ni kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Usibishane juu ya intaneti, kwa sababu utaonekana mtu anayepinga wakati. Mwombe anayesema hivyo ajaze fomu ndefu ya maombi ya kazi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka na kifurushi kinachoisha, au ajiandae kwa mtihani katika chumba kimoja na ndugu wanne. Kisha mweleze kwamba maktaba inatoa mtandao, meza, ukimya na mtu wa kuuliza, na kwamba vitabu vingi vyenye haki miliki havipatikani bure kihalali mahali pengine. Hoja ya pili ni ngumu zaidi: zahanati haina dawa, barabara mbovu, kwa nini maktaba? Usikubali kamwe kuiweka maktaba katika mashindano na zahanati, kwa sababu utashindwa, na kwa haki. Muulize diwani huyo vipaumbele vyake vya mwaka ni vipi, na uonyeshe ni kipi kati yake maktaba inakitumikia tayari. Kama ni afya, kuna rafu ya afya na kuna chumba ambacho mkunga anaweza kufundishia. Kama ni ajira ya vijana, kuna kompyuta na kuna msaada wa kuandika wasifu. Diwani hahitaji kuipenda maktaba. Inatosha aone kwamba inamsaidia kutimiza alichokiahidi.

Nyaraka za kimataifa zina nafasi yake, ingawa ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Ilani ya Maktaba za Umma ya UNESCO ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1949, ikarekebishwa 1972 na 1994, na toleo la sasa, lililoandaliwa pamoja na IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, ni la mwaka 2022. Inasema kwamba maktaba ya umma ni wajibu wa mamlaka za mitaa na za taifa, kwamba lazima iwe na sheria mahususi na igharamiwe na serikali, na kwamba huduma zake kimsingi ziwe bila malipo. Lengo la 16.10 la Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa nalo linataja upatikanaji wa habari kwa umma. Weka sentensi moja ya kila waraka mwishoni mwa barua yenu, kwa ajili ya ofisa anayehitaji kuonyesha kwamba uamuzi wake una msingi. Usianze nazo, kwa sababu sijawahi kuona kamati iliyobadilisha bajeti kwa kusomewa ilani.

Itakuwaje kama mambo yameshafika pabaya na maktaba inatishiwa kufungwa? Hapo kelele ina kazi yake. Januari 2011, wakazi wa Stony Stratford nchini Uingereza, waliposikia kwamba maktaba yao imo katika mipango ya kufungwa, walihimizana kila mmoja aazime idadi yote ya vitabu anayoruhusiwa, mpaka rafu zenye vitabu vipatavyo 16,000 zikabaki tupu. Napenda mfano huo kwa sababu haukuvunja kanuni yoyote, kila mtu aliweza kushiriki, na picha ya rafu tupu ilieleza hoja nzima bila hotuba. Mwaka huohuo, mjini Troy katika jimbo la Michigan, Marekani, wapiga kura walitakiwa kuamua juu ya kodi ndogo ya kuinusuru maktaba. Mjadala ulikuwa umemezwa na wapinzani wa kodi, mpaka yakaonekana mabango yaliyowaalika watu wapige kura maktaba ifungwe, kisha waje kwenye sherehe ya kuchoma vitabu. Watu walighadhabika, mazungumzo yakahama kutoka kwenye kodi hadi kwenye vitabu, baadaye ikafichuliwa kwamba mabango yalikuwa ya watetezi wenyewe, na kodi ikapita Agosti 2011. Mbinu hiyo ilifaulu, lakini sikushauri uiige. Maktaba huishi kwa kuaminiwa, na mji uliogundua kwamba umechezewa unaweza usicheke.

Mfano ninaouthamini zaidi ni wa Salinas, California. Novemba 2004 wapiga kura walikataa mapendekezo ya kodi, na baraza la mji likaamua kuzifunga maktaba zake zote tatu. Habari hizo zilienea duniani, hasa kwa kuwa Salinas ni mji alikozaliwa mwandishi John Steinbeck na moja ya maktaba hizo ilikuwa na jina lake. Kulikuwa na mikusanyiko na watu walisoma kwa zamu usiku na mchana kama njia ya kupinga. Michango ilipatikana, milango ikabaki wazi kwa saa chache. Lakini wananchi wa Salinas hawakuishia kwenye mikusanyiko. Waliutumia mwaka mzima kujenga hoja, kukusanya watu na kurudi kwa wapiga kura, na Novemba 2005 ongezeko la nusu senti katika kodi ya mauzo likakubaliwa. Ni mji uleule uliokataa miezi 12 kabla. Tofauti iliyokuwepo ni kwamba mara ya pili kila mpiga kura alijua nini hasa kingepotea, na aliombwa ajibu swali moja lililo wazi.

Wewe hujafika huko, na una muda. Mwezi huu, andika majina kumi na mawili na upate ratiba ya bajeti. Mwezi ujao, wakutanishe watatu au wanne kati yao, mbali na jengo la maktaba ikiwezekana, uwape ukurasa mmoja wa taarifa, kisha uwaachie wachague mwenyekiti na waandike ombi lao kwa maneno yao wenyewe. Wakishaonana na wajumbe wa kamati, waandike kila mmoja alisema nini, nani yuko upande wao, nani hajaamua na anasubiri kusikia nini. Bajeti ikipita vizuri, barua ya shukrani iende kwa kila aliyeunga mkono ndani ya wiki moja, na miezi sita baadaye aletewe orodha ya vitabu vilivyonunuliwa kwa fungu alilolipigania, pamoja na mwaliko wa kuja kuviona siku ambayo hakuna sherehe. Bajeti ikikatwa tena, waombe kumbukumbu za kikao zionyeshe hoja iliyotolewa na jibu lililotolewa, na waulize tarehe ya mapitio ya nusu mwaka, kwa kuwa fedha zisizotumika mahali pengine huhamishwa wakati huo na kwa kawaida huenda kwa aliyewahi kuziomba. Wajumbe wapya wanapoingia kwenye baraza, Marafiki wa Maktaba wawatembelee katika mwezi wao wa kwanza, wakiwa bado hawana jambo lolote la kuwaomba.